Kupima Daftari la Mapokezi ya Kahawa kwa Amri za Lahajedwali

Vyama vya msingi vya ushirika vinavyopokea kahawa Mbozi, Rungwe na Ileje huandika mistari mingi sana kila msimu, na mistari hiyo ndiyo inayoamua mkulima atalipwa kiasi gani. Mhasibu au mjumbe wa bodi mwenye Excel au LibreOffice Calc anaweza kuipima yote, badala ya kufunua stakabadhi chache na kutumaini kwamba zilizobaki zinafanana nazo. Maelezo haya yanachukulia kwamba safu A ina namba ya stakabadhi, B tarehe, C namba ya mwanachama, D kilo, E bei, F malipo na G kituo cha kupokelea, na kwamba taarifa ziko kuanzia mstari wa 2 hadi wa 2000. Kompyuta nyingine hutaka nukta-mkato mahali pa koma ndani ya amri.

Nakili faili kwanza, na ile ya asili usiiguse tena. Kisha hakikisha kwamba ulicho nacho ni daftari zima, kwa kulinganisha =SUM(F2:F2000) na jumla iliyo kwenye leja hadi shilingi ya mwisho. Zisipolingana, usiendelee na kipimo kingine chochote. Mara nyingi chanzo ni malipo yaliyohifadhiwa kama maandishi, kwa mfano pale herufi O ilipochapwa badala ya sifuri, kwa kuwa SUM huyaruka bila kutoa onyo; idadi yake utaipata kwa =SUMPRODUCT(--ISTEXT(F2:F2000)). Tarehe nazo zitazamwe mapema. Kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani huisoma 4/7 kuwa tarehe 7 Aprili na huiacha 25/7 ikiwa maandishi matupu, kwa hiyo mapokezi yanayojitokeza kabla ya msimu kufunguliwa yachunguzwe kwa jicho hilo kabla ya kumuuliza karani yeyote.

Hesabu ya malipo hurudiwa kwa =ROUND(D2*E2-F2,0), na kila jibu lisilo sifuri linahitaji maelezo. Stakabadhi zilizorudiwa huonekana kwa =COUNTIF(A$2:A$2000,A2)>1. Zilizoruka huonekana baada ya kupanga safu A kwa mfuatano na kuandika =A3-A2: jibu likizidi 1, kuna karatasi isiyoingizwa. Kila kituo kina kitabu chake, basi kazi hii ifanywe kituo kwa kituo. Stakabadhi iliyoharibika inapaswa kubaki kitabuni pamoja na nakala zake zote, na hapo hakuna amri inayoweza kushika nafasi ya kukiona kitabu chenyewe.

Ipo hatari moja ambayo ningependa kila mhasibu aijue. Namba ya kitambulisho cha taifa cha NIDA ina tarakimu 20, ilhali lahajedwali hutunza kwa usahihi tarakimu 15 tu. Ukiichapa kama namba ya kawaida, tarakimu za mwisho hugeuka kuwa sifuri na haziwezi kurejeshwa. Hata ukiipanga safu kuwa maandishi, COUNTIF ya Excel huigeuza kuwa namba wakati wa kulinganisha, na watu wawili tofauti ambao tarakimu zao 15 za mwanzo zinafanana wataonekana kuwa mtu mmoja aliyeandikishwa mara mbili. Tarakimu nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, hivyo mgongano huo si jambo la kufikirika tu. Kama namba hizo ziko safu K, tumia =SUMPRODUCT(--(K$2:K$2000=K2)), ambayo hulinganisha maandishi kama yalivyo. Mwanachama hapaswi kuitwa hewa kwa sababu ya udhaifu wa programu.

Kipimo ninachokithamini kuliko vyote ni cha mizani, kwa sababu ndicho kinachomlinda mkulima moja kwa moja. Mizani inayosoma kilo nzima hutawanya tarakimu za mwisho, na takriban uzito mmoja kati ya mitano hugawanyika kwa 5. Andika =MOD(D2,5)=0 katika safu H, kisha kwa kila kituo andika:

=COUNTIFS(G$2:G$2000,"Kituo 1",H$2:H$2000,TRUE)/COUNTIF(G$2:G$2000,"Kituo 1")

Jibu la 0.22 halina neno. Jibu la 0.70 linaonyesha kwamba karani anakadiria, au anashusha kilo 48 kuwa 45. Ili kujua ni lipi kati ya hayo, jumlisha kilo za kituo kwa =SUMIFS(D$2:D$2000,G$2:G$2000,"Kituo 1") na uzilinganishe na uzito uliopokelewa kiwandani. Kahawa mbivu hupungua uzito inapokaa, kwa hiyo upungufu mdogo ni wa kawaida. Ziada ndiyo inayotia shaka, maana kilo hizo zilitoka kwa wakulima bila kuandikwa.

Wapo watakaokushauri kutumia kanuni ya Benford, iliyogunduliwa na Simon Newcomb mwaka 1881 na kuelezwa upya na Frank Benford mwaka 1938, inayosema kwamba tarakimu 1 huanza asilimia 30.1 ya namba na 9 asilimia 4.6 tu. Itumie kwenye hati za matumizi, ambako kiasi huanzia maelfu hadi mamilioni. Kwenye uzito wa mapokezi haifai, kwa kuwa mizigo ya wakulima haipishani kiasi hicho.

Kila mstari ulioibuliwa uandikwe pamoja na namba yake, amri iliyouibua, stakabadhi iliyotazamwa na maelezo ya karani kwa maneno yake mwenyewe, kisha ulinganishwe na nakala aliyonayo mkulima. Orodha hiyo, ikiwa na mistari iliyopata majibu na ile iliyokosa, ndiyo ya kumkabidhi mkaguzi wa COASCO, shirika la ukaguzi na usimamizi wa vyama vya ushirika, atakapofika.