Jinsi ya Kuitathmini The Legend of Korra kwa Haki

Kabla hujaungana na mashabiki wanaodai kwamba The Legend of Korra iliharibu urithi wa Avatar: The Last Airbender, tazama kwanza katuni ya awali yote, yaani vipindi 61 vilivyorushwa kati ya 2005 na 2008, kisha upumzike kidogo ndipo uanze vipindi 52 vya mwendelezo wake.

Unapotazama, zingatia namna kila hadithi ilivyopangwa. Safari ya Aang, shujaa wa katuni ya kwanza, inaelekea kwa adui mmoja, Ozai, kwa misimu mitatu. Ya Korra ilibuniwa mwanzoni kuwa hadithi fupi ya vipindi 12, na ndiyo maana kila msimu una adui wake. Mashabiki wanaolalamika kwamba mwisho wa msimu wa kwanza ulifungwa harakaharaka wana haki, nami nawaunga mkono.

Hata hivyo, usikatie tamaa msimu wa pili. Tukio lililowaudhi wengi, la Korra kukatiwa mawasiliano na Avatar waliomtangulia (Avatar ni mtu anayezaliwa upya kizazi baada ya kizazi akiwa na uwezo wa kutawala maji, ardhi, moto na hewa), lipime kwa jinsi linavyomwacha mpweke baadaye: Zaheer, adui wa msimu wa tatu, anapomtia sumu, anapobaki katika kiti cha magurudumu, na anapopigana na mzuka wa nafsi yake mwenyewe. Kwa maoni yangu, hakuna jeraha katika katuni ya kwanza lililopewa muda mrefu kiasi hicho wa kupona.

Ukitoa hukumu yako, taja msimu unaouzungumzia, kwa kuwa anayeuchukia wa pili huenda anaupenda mno wa tatu.