Kumsikia mkongwe wa roki, simama karibu na fundi sauti
Ukienda kwenye tamasha la mwimbaji mkongwe wa roki, usigombanie mbele kabisa. Itafute meza ya fundi sauti, ile yenye vitufe na vijitaa katikati ya ukumbi, usimame hatua chache mbele yake. Fundi hupanga sauti kwa masikio yake mwenyewe, kwa hiyo anachosikia yeye ndicho utakachosikia wewe. Kule mbele, sauti ya spika kubwa mara nyingi hupita juu ya kichwa chako, unabaki na ngoma na magitaa ya jukwaani. Mzee wa miaka 70 na ushee, ambaye pengine siku hizi anashusha ufunguo wa nyimbo zake, yaani anaziimba kwa sauti ya chini kuliko zamani, anamezwa mzimamzima. Juzi nilianzia mbele nikaambulia besi tupu. Niliporudi nyuma nikamsikia hadi anavyovuta pumzi kabla ya kiitikio. Haisaidii meza ikiwa pembeni au chini ya roshani. Na kwenye viwanja vikubwa, ukiwa mita 70 kutoka jukwaani, sauti inachelewa kama sekunde 0.2, midomo inatangulia maneno. Hapo mimi husogea mbele kidogo.