Kisu cha mfukoni: ninavyobeba mimi na jinsi ya kuchagua chako

Nina kitalu cha miche nje kidogo ya Nakuru, upande wa Bahati. Tangu asubuhi hadi jioni mkono wangu hauachi kukata kitu: kamba ya manila, gunia la mbolea lililoshonwa kwa uzi mgumu, mpira wa maji uliopasuka, katoni za dawa. Saa saba kisu hicho hicho kinamenya embe. Wateja wakiuliza kwa nini mama mzima anatembea na kisu kwenye aproni, sina hotuba. Nawafungia miche, nakata kamba, wanaelewa. Swali linalofuata ndilo gumu kidogo: "Sasa Mama Miche, mimi ninunue kipi?" Jibu lake ni refu kuliko ninavyoweza kulitoa foleni ikiwa imesimama.

Kabla ya kutazama kisu chochote, kumbuka ulichokata wiki iliyopita. Kwa watu wengi ni kamba, katoni, tunda, pakiti ya unga iliyogoma kufunguka. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji bapa la zaidi ya sentimita 9. Hata hivyo vijana wengi ninaowaona mjini huvutiwa na kisu kizito cheusi chenye meno mgongoni, kinene kama patasi. Wape karoti wakate. Kisu cha namna hiyo huipasua karoti kabla makali hayajafika katikati, kwa sababu unene wa bapa unafanya kazi ya kabari. Bapa jembamba hupita. Kati ya yote nitakayosema hapa, wembamba ndio ninaoutanguliza, hata mbele ya jina la kampuni na aina ya chuma.

Ndiyo maana ninachokipenda kuliko vyote ni Opinel namba 8. Ni kisu cha Kifaransa. Joseph Opinel alianza kuvitengeneza huko Savoie, kwenye milima ya Alps, mwaka 1890, na umbo halijabadilika sana tangu hapo: mpini wa mti uliochongwa mviringo, bapa la sentimita 8.5, pete ya chuma shingoni, basi. Mpini hauna kona ya kukuuma kiganja hata ukishinda ukikata kamba. Pete ndiyo kufuli. Ukishafungua kisu unaizungusha kwa kidole gumba, na bapa haliwezi kukurudia vidoleni. Iliongezwa mwaka 1955. Vya zamani vilishikiliwa na ubanaji wa mti peke yake. Vinavyouzwa siku hizi, pete hiyo hufunga hata kisu kikiwa kimekunjwa, jambo linalonifaa kwa sababu wajukuu hupenda kuingiza mikono kwenye aproni yangu.

Utakiona cha aina mbili, na imeandikwa kwenye bapa: Carbone, chuma kinachoshika kutu, au Inox, kisichoshika kutu. Cha Carbone hunoleka upesi na hushika makali matamu sana, lakini kata limau nacho ukiache dakika chache: bapa litageuka kijivu, na tunda la pili litakuwa na ladha ya msumari. Weusi ule si ubovu. Ukikiosha na kukikausha kila mara, bapa hutulia na rangi yake. Ila kutu nyekundu ni jambo jingine, hiyo itoe mara moja. Mimi hubeba cha Inox kwa sababu nakula matunda nacho, na kwa sababu jasho la aproni halina huruma.

Kasoro yake ni mti. Wakati wa mvua ya masika, ukikiacha ndani ya aproni iliyolowa, mpini huvimba na kulibana bapa hadi ukucha unakaribia kung'oka. Usikivute kwa meno, na koleo litakuharibia bapa. Fanya hivi: geuza pete mpaka mwanya wake ukae sawa na bapa, shika mpini upande wa pete bila kuziba njia ya bapa, kisha gonga kona ya kitako juu ya meza, mara moja, kwa nguvu kiasi. Ncha hujitokeza yenyewe. Wenyeji wa Savoie hufungua hivyo hata kisu kisipovimba. Ili kupunguza shida hiyo, kisu kikiwa kipya na kikavu, yeyusha Vaseline kidogo, idondoshe kwenye maungio, fungua na ukunje mara kadhaa, acha usiku mmoja, asubuhi pangusa.

Cha pili ni Victorinox, ile nyekundu ya Uswisi, na ninayoipendekeza ni Spartan. Karl Elsener alifungua karakana yake mwaka 1884, akaanza kulipatia jeshi la Uswisi visu mwaka 1891, na kisu cha maofisa, babu wa hivi vyekundu, kikasajiliwa mwaka 1897. Bapa lake halina kufuli. Linashikiliwa na springi tu, kwa hiyo usichokonoe nalo wala usilisukume kwa ncha. Lakini angalia vilivyomo. Kuna bapa mbili: kubwa nimeliachia kazi chafu, dogo halijui kitu kingine ila chakula. Kuna kikoleo kidogo kinachochomoka kwenye mpini, na mtu anayeshika mimea ya miiba mchana kutwa atakithamini hicho kuliko bapa lenyewe. Mgongoni kuna msumari wa kutobolea wenye tundu la uzi. Gunia likipasuka njiani unapitisha uzi, unashona, safari inaendelea. Hata kizibuo cha mvinyo, ambacho kwetu kinaonekana hakina kazi, ndicho kifaa bora ninachokijua cha kulegeza fundo la manila lililokazwa na maji. Chomeka ncha yake katikati ya fundo, zungusha nusu, vuta.

Vya bandia ni vingi. Cha kweli kimepigwa mhuri wa jina kwenye kitako cha bapa, hufunguka kwa mlio mmoja safi, na ukikikunja hakuna kipande kinachokisugua kingine. Ukikishika kwenye mwanga huoni mwanya kati ya vipande na springi.

Kisha kuna visu vya Kichina vyenye kibanio cha mfukoni na kufuli ya bamba la ndani, ile ambayo kisu kikifunguka bamba jembamba linaruka na kukaa nyuma ya bapa. Sividharau hata kidogo. Ukiona kimeandikwa 8Cr13MoV, hicho ni chuma kinachofahamika, kinanoleka bila taabu na hakishiki kutu ovyo. Kikiandikwa "stainless" peke yake, hujaambiwa kitu. Faida yake ni kwamba kinafunguka kwa mkono mmoja, na mtu aliye juu ya ngazi, au mwenye mbuzi mkono wa pili, anaihitaji faida hiyo. Kibanio na tundu la kidole gumba kwenye bapa vililetwa na Spyderco ya Marekani mwaka 1981, na sasa kila mtu anaviiga.

Kisu cha namna hii usikinunue bila kukipima hapo hapo dukani. Kifungue polepole mpaka kufuli iingie. Shika ncha kwa uangalifu, tikisa bapa kushoto na kulia, likicheza, rudisha. Tazama bamba: linatakiwa likae nyuma ya bapa, lisiguse pembeni tu kama mtu anayechungulia mlangoni. Sasa ondoa vidole kwenye njia ya bapa, kandamiza mgongo wa kisu juu ya kaunta, kwanza taratibu, kisha uongeze nguvu. Kufuli ikiteleza hata kidogo, kiache, hata muuzaji akikupunguzia bei vipi. Mwisho kikunje utazame kwa juu. Bapa liwe katikati ya mpini, makali yasiguse ukuta. Visu vya springi vinavyoruka vyenyewe kwa kubonyeza kitufe, na vile vilivyounganishwa na kiberiti cha gesi, siviingizi hata kwenye hesabu.

Kuna kazi mbili ambazo kisu cha kukunja cha kila siku usikipe. Ya kwanza ni kupandikiza. Kuunga kikonyo cha Hass, parachichi la kisasa, kwenye shina la parachichi la kienyeji kunataka uso uliokatwa sawasawa kabisa, bila wimbi, na makali yaliyonolewa upande mmoja. Nina kisu cha kazi hiyo, hakikati kamba wala embe, na kila nikihama mti nakipangusa kwa spiriti. Ukitumia Jik, suuza na kukausha papo hapo, maana dawa hiyo hula hata chuma kisichoshika kutu. Ya pili ni samaki. Dada yangu yuko Kisumu, karibu na Dunga, na aliwahi kuniomba nimtafutie cha kukunja cha kuparulia ngege. Nilimkatalia. Utelezi na magamba huingia kwenye maungio, hukauka humo, na hewa ya ziwani humalizia. Alinunua kisu cha kawaida cha jikoni chenye ala, na hajanilaumu.

Kunoa ndiko kunakowashinda wengi, wanaishia kumpelekea fundi mwenye baiskeli na jiwe la kuzunguka. Mafundi hao huliokoa panga na shoka. Bapa jembamba la kisu cha mfukoni hupata joto haraka mno pale, na ukiona ukingo umegeuka buluu ujue ugumu umeshatoka sehemu hiyo. Noa mwenyewe, polepole, kwa maji.

Utahitaji jiwe lenye upande wa kukwaruza na upande laini. Huna? Geuza kikombe cha udongo. Ule mduara wa chini usio na rangi ya kung'aa unanoa vizuri ajabu. Ugumu uko kwenye pembe. Watengenezaji wengi hutaja digrii 15 hadi 20 kila upande, ila nani anabeba kipimo? Chukua sarafu tatu za shilingi 20, zipange moja juu ya nyingine kwenye jiwe, laza kisu makali yakigusa jiwe na mgongo ukiegemea juu ya sarafu. Kwa bapa la upana wa Opinel namba 8 hapo uko karibu na digrii 20. Ukiondoa moja unakaribia 15, makali yanayofaa kisu cha matunda lakini yatakatika haraka kwenye kamba. Mkono ukishaizoea pembe ile, toa sarafu.

Lowesha jiwe. Sukuma kisu mbele kana kwamba unataka kukata kipande chembamba cha jiwe, kutoka kitako hadi ncha, kwa uzito wa mkono tu. Endelea upande mmoja mpaka, ukipitisha kidole kutoka mgongoni kuelekea makali upande wa pili, uhisi chuma chembamba kimejikunja na kinakwaruza. Kisipojikunja urefu wote, bado, usigeuze. Watu hugeuza mapema, halafu wanasema jiwe ni baya. Kikishajikunja, geuza, fanya upande wa pili mpaka kirudi ulikoanzia. Hamia upande laini, punguza nguvu, badilisha upande kila unapopitisha. Maliza kwenye mkanda wa ngozi, safari hii ukivuta kinyumenyume, mgongo ukitangulia, la sivyo utakata mkanda. Pima kwa karatasi ya gazeti. Kunyoa nywele za mkono ni maonyesho ya wanaume.

Vumbi la Nakuru mnalijua. Ni majivu ya volkano, makavu na makali, na yakichanganyika na mafuta kwenye maungio yanageuka dawa ya kusagia chuma. Kwa hiyo osha kwanza, paka mafuta baadaye. Maji ya moto na sabuni, fungua na ukunje kikiwa ndani ya maji, pitisha mswaki wa zamani, kausha kabisa, kisha tone moja la mafuta ya cherehani. Opinel usiiloweke, ioshe bapa tu na upanguse maungio kwa kitambaa kibichi. Mafuta ya kupikia yaache jikoni, kwa sababu yanakauka yakawa gundi.

Kuhusu kutembea nacho, tumia akili kuliko ubishi. Mpe mtu kisu kikiwa kimekunjwa, au mpini ukielekea kwake. Usikifungue ndani ya matatu, hata kama ni chungwa tu. Mlangoni pa duka kubwa, askari akiuliza, kitoe na umwachie, ukichukue ukitoka. Kwenye mkutano wa hadhara au maandamano usikibebe kabisa; Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, inakataza silaha katika mikusanyiko hiyo, na hutataka kusimama ukimweleza afisa kwamba hicho ni cha embe. Mahakamani vilevile kibaki nyumbani. Nikienda Kisumu kwa gari kinakwenda nami. Nikirudi kwa ndege hadi Nairobi kinaingia kwenye begi la kukabidhi, maana kwenye begi la mkononi kitaishia kwenye sanduku la ukaguzi, na Opinel Nakuru si kitu unachokipata kila duka.