Gari Linakudai Ulipie Huduma za Mtandao: Namna ya Kuamua Kabla Hujatoa Kadi ya Benki

Ujumbe unakuja kwenye skrini ya gari au kwenye barua pepe: huduma zako za mtandao zinakaribia kuisha, lipia uendelee kuzipata. Unaorodheshewa kuwasha gari kwa simu, kuona lilipo, kufunga milango ukiwa mbali, taarifa za foleni, ramani mpya. Kazi yangu ni kufunga redio na GPS za magari hapa Kinondoni, na swali la "nilipe au nisilipe?" naletewa zaidi na wenye magari yaliyotoka Uingereza na wenye Toyota za Japani za miaka ya karibuni. Wengi wanaanza na bei. Mimi bei naiweka karibu na mwisho, maana kwa magari mengi ya Dar jibu linapatikana kabla hamjafika kwenye pesa.

Kuwa na kadi ya gari, simu yenye bando na muda kidogo ukiwa umeegesha mahali pa wazi. Maegesho ya chini ya ghorofa kule Posta yatakupa majibu ya uongo.

Hatua ya 1: Andika unachouziwa

Kila huduma mstari wake, kisha futa zote ambazo simu yako inazifanya tayari. Foleni, futa. Google Maps inajua Barabara ya Mandela imesimama kwa sababu simu za watu waliokwama humo ndizo zinazoiambia, na hakuna ramani ya gari niliyoiona Dar inayoikaribia. Muziki, futa. Apple CarPlay na Android Auto, mifumo inayoleta programu za simu yako kwenye skrini ya gari, hazihitaji kifurushi cha gari kwa kawaida. BMW iliwahi kutoza dola 80 kwa mwaka kule Marekani kwa ajili ya CarPlay, wateja wakapiga kelele, ikaacha mwishoni mwa 2019. Kampuni hiyohiyo mwaka 2022 ilitaka watu wa baadhi ya nchi walipie kila mwezi viti vya kupasha joto. Ukikuta kitu cha namna hiyo kwenye kifurushi chako, na wewe unakaa Tabata, unajua cha kufanya.

Kwa kawaida yanabaki mambo manne: kuona gari lilipo, kufunga na kufungua milango, kuwasha kiyoyozi kabla hujaingia, na msaada wa dharura.

Hatua ya 2: Gari lako linaongea na nani?

Hapa ndipo watu wanapopoteza jioni nzima, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Gari lenye huduma hizi lina laini yake ndani, imeunganishwa moja kwa moja kwenye kisanduku kilichofichwa nyuma ya dashibodi au pengine. Si laini ya kuchomoa ukaweka ya Vodacom au ya Yas. Mkataba wake ni kati ya kiwanda na kampuni za simu, na taarifa zake zinakwenda kwenye seva za soko ambalo gari liliuzwa likiwa jipya. Hilo ndilo la kulitafuta: liliuzwa wapi. Lilikotengenezwa ni habari nyingine.

Anza na namba ya chasisi. Magari ya soko la Japani hayana ile namba ya herufi na tarakimu 17. Yana msimbo wa modeli, kistari, kisha namba ya mfululizo, mfano NZE141 au ZVW30 ikifuatwa na tarakimu zake. Programu za simu za masoko mengine zinataka 17 kamili. Ndiyo maana mtu anaingiza namba yake, programu inakataa, anafuta, anaingiza tena, anafungua boneti na tochi akasome bamba upya, anampigia aliyemuuzia gari. Namba iko sahihi siku zote hizo. Programu ndiyo si yake. Na ile ya Kijapani inataka mkataba wa Japani, kwa gari lililosajiliwa Japani. Kama dashibodi yako ina maandishi ya G-BOOK, huduma ya mtandao ya Toyota ya zamani, usijisumbue kabisa: ilizimwa hukohuko Japani tarehe 31 Machi 2022, sambamba na kampuni ya simu ya KDDI kuzima 3G yake.

Kwa hiyo mwenye gari la Japani, jibu lako ni usilipe, na usimlipe pia mtu anayekwambia "naifungua". Nenda hatua ya 4. (Ukibadilisha betri, mwambie fundi asiiache redio ikose umeme. Baadhi ya redio za Toyota zikikosa umeme zinajifunga na kudai kadi ya ramani au namba ya kufungulia, na hapo utanitafuta kwa shida tofauti kabisa.)

Ukiwa na namba ya 17, endelea. Herufi I, O na Q hazitumiki humo, hivyo unachokiona kama O ni sifuri. Mwanzo wa namba unaonyesha lilikotengenezwa: J ni Japani, W ni Ujerumani, AHT ni Toyota ya Afrika Kusini. Lakini usikomee hapo. Gari lenye J linaweza kuwa liliuzwa jipya Uingereza na likaishi huko miaka yote. Tazama kipimo cha mwendo: kikisoma maili na usukani uko kulia, hilo karibu hakika ni la Uingereza. Tazama kitabu cha servis kina mihuri ya wapi. Tazama karatasi za meli.

Ukishajua soko, iandikie kampuni ya soko hilo. Nimesema iandikie. Usipige simu. Mteja wangu mmoja, mama wa Mbezi Beach mwenye gari lililotoka Uingereza, alipiga simu mara kadhaa na kila aliyepokea alimpa jibu lake. Mmoja alisema huduma inafanya kazi popote duniani. Akalipa, pesa ikapokelewa vizuri, programu ikafunguka, na ramani ikaonyesha gari liko Southampton. Akanipigia: "Fundi, mbona gari liko bandarini Uingereza na mimi nimelikalia hapa Kawe?" Ile ilikuwa mara ya mwisho laini ya gari kupata mtandao iliouzoea, kabla halijapandishwa melini. Barua pepe ilipojibiwa, jibu lilikuwa sentensi moja: huduma haitolewi kwa gari lililo nje ya nchi walizoziorodhesha.

Barua iwe na namba ya chasisi na maswali haya: Je, gari hili linaruhusiwa kupata huduma likiwa Tanzania? Laini yake inashika mitandao ya hapa? Nikilipa na isifanye kazi, pesa inarudi? Wasipojibu la tatu, umeshajibiwa.

Kuna tahadhari nne ambazo kila mtu ananiuliza baadaye, bora nizitoe sasa.

Ya kwanza, VPN, programu inayoficha simu iko nchi gani. Vijana wanabadilisha nchi ya simu ili programu ionekane, wanafungua akaunti, wanafurahi. VPN inaidanganya simu. Kisanduku kilicho nyuma ya dashibodi hakina habari nayo.

Ya pili, alama ya mtandao kwenye skrini. Ikionekana, usishangilie mapema. Inaweza kuwa ya simu yako uliyoiunga kwa Bluetooth au Wi-Fi. Zima simu kabisa, subiri, kisha tazama tena. Kuna magari ambayo yakipewa intaneti ya simu yanasasisha ramani na kufungua baadhi ya programu, na hilo ni zuri, lakini kufunga milango ukiwa mbali hakutatokea, maana simu uliyonayo mkononi ndiyo intaneti yenyewe.

Ya tatu, kitufe cha SOS cha darini. Usikijaribu kwa kukibonyeza. Jaribu kile cha msaada wa kawaida, kama kipo. Umoja wa Ulaya uliwalazimisha watengenezaji kuweka mfumo wa eCall kwenye modeli mpya kuanzia 31 Machi 2018. Mfumo huo unapiga 112 wenyewe ajali ikitokea, haudai malipo, na umejengwa kuzungumza na vituo vya huko vyenye mitambo ya kupokea taarifa zake. Usiuhesabu kama ulinzi wako hapa. Weka kwenye simu yako 112 ya Polisi na 114 ya Zimamoto.

Ya nne, umri. Hata huduma inayofanya kazi leo ina siku ya kufa. Nissan ilizima programu ya simu kwa magari yake ya umeme ya zamani, Leaf na e-NV200, kule Uingereza kuanzia 1 Aprili 2024 kwa sababu mawasiliano yake yalitegemea 2G. Wenye magari walikuwa nchini mwao, na bado waliachwa. Kisanduku cha 3G au chini ya hapo mimi sikilipii hata kwa punguzo.

Na kama gari umelinunua jipya kwa wakala hapa Dar? Mwambie akuonyeshe huduma ikifanya kazi kwenye gari la maonyesho, kwa simu yake, mbele yako, gari likiwa nje ya jengo. Karatasi nzuri yenye picha haihesabiki.

Hatua ya 3: Mtoe mwenye gari wa kwanza

Hii fanya hata kama umeamua kutolipa. Akaunti ya aliyeliuza inaweza kuwa bado imeshikana na gari, na siku laini ikipata mtandao, yeye ndiye atakayeliona lilipo. Kurejesha mipangilio ya kiwandani kwenye skrini kunafuta majina ya simu na anwani za nyumbani. Akaunti iliyoko kwenye seva mara nyingi inabaki. Itumie kampuni picha ya kadi ya gari yenye jina lako na risiti ya manunuzi, uombe mmiliki wa zamani aondolewe. Ukiwa bado yadi hujalipa, mwachie muuzaji kazi hiyo.

Hatua ya 4: Linganisha na GPS ya kufunga

Hapa nina maslahi, nafunga GPS, kwa hiyo pima maneno yangu. Lakini ukiniuliza nini kinalinda gari Dar, nitakujibu kifaa cha GPS chenye laini ya hapa, kilichofichwa mahali ambapo mwizi hatapafikia haraka. Kifaa kinachochomekwa tu kwenye tundu la kupimia gari, lile la chini ya usukani, sikipendi. Mwizi anajua tundu liko wapi kuliko wewe.

Laini isajiliwe kwa alama zako za vidole, si za fundi. Fundi akihama mji, gari lako linabaki limeunganishwa na jina lake. Bando lisiishe; GPS isiyo na bando ni chuma tu. Neno la siri la kiwandani, ambalo kwenye vifaa vingi ni 123456 au 0000, badilisha siku hiyohiyo fundi akiwa bado amesimama hapo. Mwaka 2022 wataalamu wa usalama wa Marekani walitoa onyo kuhusu kifaa cha MV720 cha MiCODUS, kwa sababu mtu wa mbali angeweza kukitawala, mpaka kukata mafuta. Kuhusu rilei, yaani swichi ya kuzima injini kwa mbali, mimi nafunga kwa anayeisisitiza tu, na namwambia: usiizime gari likiwa kwenye mwendo. Gari lililozimika ghafla Ubungo juu ya daraja linaua mtu asiyehusika na wizi wowote.

GPS haikupi kiyoyozi cha kuwasha ukiwa mbali. Hicho nakiri ni kitamu, hasa Februari, gari likiwa limeshinda juani.

Hatua ya 5: Hesabu

Tuseme kifurushi ni dola 120 kwa mwaka, na kwa urahisi tuchukue dola moja kwa shilingi 2,500. Hiyo ni 300,000, ongeza makato ya benki. Upande wa pili weka bei ya GPS na ufundi, ambayo ni mara moja, pamoja na bando lake la mwaka. Zidisha kifurushi na bando kwa miaka unayotarajia kukaa na gari; bei ya GPS na ufundi iache ilivyo. Mwaka wa kwanza mara nyingi zinakaribiana; wa tatu, kifurushi ndicho kinakuwa ghali zaidi.

Ningelipa mimi? Kwa gari lililouzwa jipya kwa soko hili, likiwa na dereva wa kuajiriwa, na mwenye gari anayesafiri sana, ndiyo, na bado ningefunga GPS. Wengine wote, hapana.

Hatua ya 6: Ukiamua kulipa

Soma sehemu ya taarifa binafsi na uzime unachoweza kukizima. Januari 2025 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilichukua hatua dhidi ya kampuni ya magari ya General Motors na OnStar, kampuni yake ya huduma za mtandao za gari, kwa kukusanya na kuuza taarifa za mahali magari yalipo na namna watu wanavyoendesha bila ridhaa ya kweli. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayotumika tangu Mei 2023, lakini kuifuata kampuni iliyoko ng'ambo ni safari.

Chukua mwezi mmoja kwanza, si mwaka. Lipa kwa kadi isiyo na pesa nyingine zaidi ya hiyo, halafu siku hiyohiyo ingia kwenye akaunti uzime malipo ya kujirudia na upige picha ya skrini inayoonyesha yamezimwa.