Kabla Hujamgawa Mbwa Anayeuma

Mbwa wangu Simba alirudishwa siku ya nne tangu nimgawe, amefungwa kamba ya katani nyuma ya pikapu, na dada wa kazi wa nyumba ile kaumwa mkono. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nahama Njiro kwenda fleti ya ghorofa ya tatu, nina haraka, na yule jamaa aliyekuja kumchukua aliponiuliza kama mbwa ana shida, nikajibu hana. Nilijua fika kwamba Simba hataki mtu asogelee bakuli lake. Chanjo yake ya kichaa cha mbwa ilikuwa bado haijaisha muda. Hata hivyo dada aliosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, akaenda hospitali siku hiyohiyo, na Simba nikamfungia kwa uangalizi siku 10.

Kwa hiyo usianze kwa kutangaza, anza kwa daktari wa mifugo. Wa kwetu alimshika Simba sikio la kushoto tu, mbwa akalia. Ndani kupe na usaha. Miezi yote nilikuwa nasema huyu mkorofi, anaunguruma ukimgusa kichwa, kumbe alikuwa mgonjwa. Kama ni dume asiyehasiwa, zungumzeni na hilo; kuhasiwa kunaweza kupunguza kuzurura kutafuta majike, ila hakumwondolei mbwa woga. Cheti cha chanjo kitafute mapema, maana kitahama naye.

Halafu kaa uandike tabia zake zote. Usiandike "mkali kidogo", neno hilo halimsaidii mtu. Andika ulichokiona kwa macho. Karatasi ya Simba ilisomeka hivi: dume, miaka 6. Ukipita karibu akila, kwanza anakaza mwili, halafu anameza harakaharaka, halafu anaunguruma. Ameuma mara moja, mkononi, meno yakaingia. Akisikia bodaboda anakimbilia geti, aligongwa na pikipiki akiwa mdogo. Mtu mzima aliyetulia hana neno naye. Nyumba yenye watoto wadogo, hapana. Anaelewa "kaa" na "njoo". Analala kwenye gunia.

Hapo kwenye kuunguruma naomba unisikilize vizuri. Wengi wetu tumekua tukiona mbwa akiunguruma anachapwa fimbo. Ukimpiga, anajifunza kunyamaza, hofu yake inabaki palepale, na siku nyingine atauma bila kukuonya. Wala usimnyang'anye bakuli ili umwoneshe nani mwenye nyumba. Pita mbali naye, hatua tano hivi, mrushie kipande cha utumbo uliochemshwa, endelea na safari yako. Siku zinavyokwenda punguza umbali kidogo kidogo, mradi mwili wake umelegea. Akikaza, umewahi mno, rudi nyuma. Mimi nilifanya hivyo wiki sita, na mwisho alikuwa akiniona napita anainua kichwa na kutikisa mkia.

Nilipomweka kwenye status ya WhatsApp, waliopiga kwanza walitaka mbwa mkali wa kufunga mnyororo mchana kutwa. Niliwakatalia wote. Mbwa mwoga akifungwa mnyororo hana pa kukimbilia, kilichobaki kwake ni meno. Akaja mzee mmoja mstaafu wa Usa River, uwanja una uzio, wajukuu wanaishi mbali, amefuga mbwa maisha yake yote. Nilimpa ile karatasi aisome kabla hajamwona mbwa. Alikuja Jumamosi tatu. Ya kwanza alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, kampa Simba ubavu, hamtazami, anadondosha vipande vya nyama chini taratibu. Ya tatu Simba alimwegemea goti. Ndipo nilipomkabidhi kamba.

Siku ya kuhama usimshibishe, asije akatapika garini. Gunia lake liende bila kufuliwa, lina harufu ya kwao. Kwenye ukosi wake andika namba za simu mbili, yako na ya mwenyeji mpya, na siku za mwanzo asitoke nje ya uzio, kwa sababu atajaribu kurudi alikotoka. Asiogeshwe, wasiitwe majirani kuja kumtazama. Na wewe usiende kumwona wiki za mwanzo, hata roho ikikuuma.

Mkubaliane pia kwamba akishindikana anarudi kwako, asipitishwe kwa mtu wa tatu. Na ikiwa daktari amemwona, mmejaribu, na bado anajeruhi watu vibaya, afadhali alazwe usingizi wa milele kwa sindano ya daktari mikononi mwako kuliko kutupwa porini au kutegewa sumu.

Mzee alinipigia siku ya pili usiku: Simba hajatia kitu mdomoni tangu afike. Nikamwambia, "Baba, nyunyiza dagaa juu ya ugali, weka karibu na gunia, kisha ingia ndani ufunge mlango." Asubuhi alinitumia picha ya bakuli tupu.