Kumuumba nyota wa roki wa Kisumu katika riwaya ya vijana

Hatua ya 1: Amua anayemtazama. Nyota akijisimulia mwenyewe huishia kujisifu au kujililia. Usimulizi mpe shabiki, binti wa kidato cha tatu anayeishi mtaa wa Manyatta. Yeye anamjua nyota kama Radi. Mama yake anamjua kama Ochieng', yule mwenye deni la sukari dukani.

Hatua ya 2: Mpe asili. Wengi huchukua kijana wa London wakambadilisha jina tu. Kijana wa Kisumu amekua akisikia benga, muziki wa gitaa wa Waluo, na gitaa la benga liliiga nyatiti, ala ya Waluo yenye nyuzi 8. Mpiga nyatiti huvaa oduong'o, pete ya chuma, kwenye kidole gumba cha mguu, na kugonga nayo ala huku mikono ikishughulika na nyuzi. Basi Radi akiwa jukwaani, gitaa lingurume litakavyo, kidole kile kinagonga ndani ya kiatu. Binti anakiona kwa kuwa kiatu kimechanika mbele. Umeshamleta babu wa Radi, mpiga nyatiti, bila kumwandikia sura nzima.

Hatua ya 3: Mavazi. Koti la ngozi la mtumba kutoka soko la Kibuye, na jasho. Yatosha.

Hatua ya 4: Mharibie shoo. Kata stima katikati ya wimbo. Gitaa la umeme lisipopata ampu, kile kikuza sauti chake, hutoa mlio mwembamba usiofika hata safu ya pili, lakini ngoma hazidai stima. Mpiga ngoma anaendelea, na ghafla mayowe yote ni yake. Radi amfokee fundi wa sauti? Aimbe bila maiki? Mimi humwacha kwanza asimame pale aone wivu. Msomaji wa miaka 15 hajui umaarufu, ila wivu anaujua vizuri sana. Stima usiirudishe mapema.

Hatua ya 5: Nyimbo. Mistari miwili mitatu, basi. Ukurasa mzima wa mashairi yasiyo na sauti utarukwa. Afadhali makanga wa matatu ya Kondele aimbe kiitikio huku akikosea maneno.

Hatua ya 6: Lugha. Sheng ya leo huchakaa kabla kitabu hakijachapishwa, kwa hivyo wape mashabiki kidogo tu. Nyumbani ni Dholuo. Mama akisema "bi ichiem" na Radi akaenda kunawa mikono, msomaji wa Mombasa hahitaji kamusi.