Kujiandaa kwa Shahada ya Uzamivu ya Biofizikia Nchini Marekani

Biofizikia huchunguza uhai kwa vipimo vya fizikia: protini iitwayo kinesini, kwa mfano, hubeba mizigo ndani ya seli kwa hatua za nanomita 8, na watafiti huzipima hatua hizo kwa msaada wa mwale wa leza. Ndiyo maana vyuo vingi vya Marekani hupokea waombaji waliosoma fizikia, kemia, biolojia au hisabati, mara nyingi bila kudai shahada ya uzamili. Aliyetoka fizikia ajazie biokemia. Aliyetoka biolojia asikwepe hisabati, hata kidogo.

Kwa maoni yangu, uzoefu wa utafiti ndio wenye uzito zaidi. Katika insha ya maombi, usiishie kusema kwamba unaipenda sayansi, bali eleza ulipima nini, matokeo yalikwenda kombo wapi na uliyarekebishaje. Barua za mapendekezo, ambazo kwa kawaida ni tatu, ziombe mapema kwa wahadhiri waliokuona ukifanya kazi maabara, kwani maombi mengi hufungwa mwezi Desemba. Programu nyingi hulipia ada na kutoa posho ya kujikimu, na baadhi husamehe hata ada ya maombi kwa anayeomba msamaha huo.